Mgodi Huhama Mikono, Maji Hayahami

Tigithe si mto mkubwa. Unapita jirani na Matongo, Nyamongo, wilayani Tarime, unaingia Mto Mara unaozitenganisha Tarime na Serengeti, na maji yake huishia Ziwa Viktoria. Kinachomwagika Matongo kina safari ndefu.

Dhahabu ya mkoa wa Mara ilichimbwa tangu ukoloni, Buhemba na Kiabakari. Wachimbaji wadogo waliofuata walitegemea zebaki: inachanganywa na mchanga, inakamata dhahabu, kisha inachomwa, na moshi wake anauvuta mchomaji mwenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata dhidi ya zebaki mwaka 2020.

Nyamongo ikaja na ukubwa mwingine. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, mwaka uliofuata ukachukuliwa na Placer Dome, 2006 Barrick, 2010 African Barrick Gold, 2014 Acacia, na 2019 ukarudi Barrick, safari hii serikali ikiwa na hisa 16 kwa mia. Kila mwenye mgodi alirithi mashimo, na pamoja nayo milima ya mawe taka.

Sayanaidi, sumu inayotumika kutoa dhahabu kwenye mawe, ndiyo inayotajwa zaidi vijijini, na inastahili kuogopwa, lakini jua huivunjavunja. Mawe ndiyo yenye ukaidi. Baadhi yana salfa. Yakivunjwa na kupata hewa na mvua hutoa tindikali, nayo huyeyusha aseniki na metali nyingine na kuzishusha hadi maji ya ardhini. Mvunjaji mawe akiondoka, mvua inaendelea na kazi hiyo miaka mingi.

Mei 2009 maji ya tindikali yalivuja yakaingia Tigithe. Mgodi ulisema plastiki iliyotandikwa kuzuia maji iliibwa. Hata kama ni kweli, usalama wa mto unaonywewa na watu na ng'ombe haupaswi kutegemea karatasi inayoweza kukunjwa na kubebwa usiku. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu (mabaki ya uchenjuaji dhahabu), na Julai likazuia bwawa hilo lisitumike. Septemba, Barrick iliposhika usukani, ruhusa ikarudi, na mitambo ya kusafisha maji ikaongezwa.

Kusafisha kwenyewe hakuna miujiza: mitaro na visima vya kunasa maji yanayovuja, pampu za kuyarudisha, chokaa ya kuua tindikali, udongo wa mfinyanzi wa kufunika mawe yasipate hewa. Ugumu ni muda na fedha. Mfano wa sumu inayodumu bila uangalizi uko kwingine: Vikuge, Kibaha, viuatilifu vilivyotolewa msaada na Ugiriki mwaka 1986 vilihifadhiwa vibaya hadi jengo likaanguka. Miaka mingi baadaye watafiti walikuta kiuatilifu cha DDT udongoni. Hapo hapakuwa na mgodi wala faida, ni shehena tu iliyokosa mwangalizi.

Ndiyo maana fedha za ukarabati ambazo sheria inamtaka mwenye leseni aziweke dhamana zihesabiwe kwa miaka ambayo mawe yatatoa tindikali, siyo kwa miaka ya dhahabu. Na vipimo vya visima vibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji, Matongo ikiwa ya kwanza, ili anayechota maji ajue anachota nini.