PCSK9

PCSK9 ni protini inayotengenezwa hasa na ini la binadamu na kumwagwa kwenye damu. Jeni yake, iliyopo kwenye kromosomu ya 1, huitwa kwa jina hilohilo. Protini hii ilielezwa mwaka 2003 na kikundi cha Nabil Seidah huko Montreal, Kanada. Mwaka uleule, watafiti wa Paris waliokuwa na Catherine Boileau waliona kuwa jeni hiyo imebadilika katika baadhi ya familia za Kifaransa zinazorithishana kolesteroli nyingi.

Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyonasa LDL, ile kolesteroli mbaya, na kuiingiza ndani. Kipokezi kikishatua mzigo hurudi juu kunasa mwingine. PCSK9 ikikishika, hakirudi: huvunjwavunjwa humo humo ndani ya seli. Vipokezi vikipungua, LDL hubaki ikizunguka kwenye damu na kujijenga kwenye kuta za mishipa.

Njia ya tiba ilifunguliwa Dallas, Marekani, na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen hawakuanza na wagonjwa. Walitafuta watu wenye LDL ndogo kupita kiasi. Mwaka 2006 waliripoti kwamba, kati ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na nakala moja ya jeni isiyofanya kazi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 88. Badiliko mojawapo kati ya yale yanayoizima jeni hiyo limeonekana pia Zimbabwe. Watu wenye nakala hiyo isiyofanya kazi walikuwa wazima, basi protini hii ingeweza kuzuiwa kwa dawa.

Kingamwili mbili za kuizuia, evolokumabu na alirokumabu, ziliidhinishwa mwaka 2015. Huchomwa chini ya ngozi kila wiki mbili au kila mwezi, na evolokumabu hushusha LDL kwa takriban asilimia 60 hata kwa wanaotumia statini, vidonge vya kawaida vya kushusha kolesteroli. Inklisirani, dawa nyingine iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, huzuia ini kutengeneza protini yenyewe. Baada ya dozi za mwanzo, sindano mbili kwa mwaka hutosha.

Mwanzoni matibabu ya mwaka mmoja yaligharimu zaidi ya dola 14,000 Marekani. Mwaka 2018 bei ya evolokumabu ilishushwa hadi dola 5,850. Kwa mgonjwa wa Zimbabwe au Tanzania anayejilipia mwenyewe, hata hiyo haishikiki, ilhali ushahidi ulioizaa dawa ulitoka kwenye damu ya watu wenye asili ya Afrika.