Mkono na Fahamu: Utafiti wa Gertrude Stein akiwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza, 1893–1898

Utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aghalabu huishia kabatini mwa idara iliyouzaa, baada ya kusomwa na msimamizi na pengine mtahini mmoja. Ripoti mbili zilizotoka katika maabara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na majaliwa mengine. Zilichapishwa katika jarida la Psychological Review, ya kwanza mwaka 1896 na ya pili mwaka 1898, na takriban miongo minne baadaye zikaburutwa katika mjadala wa kifasihi: je, Gertrude Stein, ambaye jina lake lilikuwa juu ya zote mbili, alikuwa msanii, au mkono tu uliojiandikia bila fahamu? Makala haya yanadai kwamba mjadala huo uliegemea ripoti ambayo si yake hasa, ukaiacha kando iliyo yake.

Stein alizaliwa Pennsylvania mwaka 1874. Mwaka 1893 alijiunga na tawi la wanawake la Harvard, ambalo mwaka uliofuata lilipewa hati na kuwa Chuo cha Radcliffe. Alifundishwa na William James, mwandishi wa The Principles of Psychology (1890), na Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyeletwa kuiongoza maabara. Wanawake waliruhusiwa kuingia maabarani, lakini shahada za Harvard hawakupewa. Mary Whiton Calkins alitimiza masharti ya udaktari wa falsafa mwaka 1895, walimu wake wakamsifu, na chuo kikakataa kumtunuku kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1905 akawa rais wa Chama cha Saikolojia cha Marekani bila shahada hiyo. Hali hii haina budi kukumbukwa kila inapoulizwa ni sauti ya nani inayosikika katika ripoti iliyoandikwa kwa jina la mwanamume na mwanamke.

Ripoti ya 1896 ilikuwa ya namna hiyo: Leon Solomons, mwanafunzi wa uzamili, pamoja na Stein. Swali lao lilitokana na tafiti za histeria zilizokuwa zimeshamiri Ufaransa. Mgonjwa wa histeria aliweza kuandika au kutenda jambo bila kujitambua, kana kwamba ndani yake mna nafsi ya pili. Je, mtu mwenye afya anaweza kufikia hapo kwa mazoezi? Watafitiwa walikuwa wao wenyewe wawili. Mkono uliwekwa juu ya kibao cha kioo kilichokaa juu ya gololi za chuma, chenye kishikio cha penseli. Mtafitiwa alisoma hadithi ya kuvutia huku mkono wake ukiandika maneno aliyotajiwa na mwenzake. Katika hatua nyingine, mkono uliachwa uandike utakavyo. Kilichotoka kilikuwa na sarufi sahihi, ila fikra hazikushikana, na kifungu kimoja cha maneno kiliweza kung'ang'ania na kujirudia hata siku za baadaye. Hitimisho lao lilikuwa kwamba histeria ni ugonjwa wa uzingativu.

Ripoti ya 1898 aliiandika Stein peke yake, na watafitiwa wake walikuwa wanafunzi wa Harvard na Radcliffe. Shabaha imehama: kinachotafutwa sasa ni uhusiano kati ya tabia ya mtu na uzingativu wake, na watu wanagawanywa katika aina mbili kwa kufuata hulka zao. Kwa mizani ya maabara kazi hii ni dhaifu. Vipimo ni vichache, maelezo ya watu ni mengi. Msimamizi mkali wa leo angeirudisha. Hata hivyo, riwaya ya The Making of Americans, iliyoanzwa mwaka 1903, ikakamilika 1911 na kuchapishwa 1925, inaendeleza kazi hiyohiyo ya kuainisha hulka za binadamu, safari hii kwa kusikiliza yale ambayo kila mtu huyarudia katika maisha yake.

B. F. Skinner, wakati huo mtafiti kijana wa Harvard, hakuanzia hapo. Katika Atlantic Monthly la Januari 1934 alijenga hoja juu ya ripoti ya 1896: maandishi magumu ya Stein, hasa Tender Buttons (1914), ni zao la mkono uleule wa maabarani. Alimgawa Stein kuwa wawili, mmoja mwenye fahamu na mwingine asiye nayo. Stein alimwandikia mhariri, Ellery Sedgwick, akieleza kwamba kama kuna siri, basi ni ziada ya fahamu. Katika Everybody's Autobiography (1937) alidai pia kwamba ripoti ya kwanza iliandikwa na Solomons. Solomons alikuwa amefariki mwaka 1900, hivyo hakuweza kuulizwa.

Kauli ya mtu anayejitetea haitoshi kuwa ushahidi. Matini yenyewe yanatosha zaidi. Katika ripoti ya 1896 urudiaji ni mabaki: kifungu kimenasa na hakiendi popote. Katika The Making of Americans kila sentensi inayorejea huja na neno lililoongezwa au kuhamishwa, na mhusika huzidi kubainika. Stein mwenyewe, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1935, alisimulia kwamba kule maabarani kilichomvutia hakikuwa mwitikio wa watafitiwa bali hulka zao. Ripoti ya 1898 inaonyesha jambo hilo wazi: mtafiti anaacha kuitazama penseli, anaanza kumtazama aliyeishika.