Muhogo Mchungu: Mwanafunzi wa Tabora Aliyeingia Kwenye Sinema

Mwanamke wa Unyamwezi anayeijua kazi yake haogopi muhogo mchungu. Huumenya, akauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike na kutoa harufu kali, kisha akauanika juu ya mwamba hadi ukauke na kuwa mwepesi. Huo ndio udaga. Ukishatwangwa na kuchekechwa, unga wake huilisha nyumba hata mwaka ambao mvua imekataa. Ule mtamu huliwa na nguruwe pori na nyani kabla mwenyewe hajauchimba. Ule mchungu humsubiri mwenye shamba.

Mwaka 1952 jina hilo lilipewa filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika. *Muhogo Mchungu* ilimhusu mtu wa shamba aliyekwenda mjini na kuangukia mikononi mwa matapeli. Aliyeigiza humo alikuwa kijana mzaliwa wa Matimila, Songea, aliyepata sehemu ya elimu yake katika shule ya serikali Tabora. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Tumezoea kumkumbuka kama Waziri Mkuu na Simba wa Vita. Miaka yake mbele ya kamera huwa tunaitaja kwa sentensi moja, kisha tunapita. Ninaamini sentensi hiyo imebeba historia kubwa kuliko tunavyoipa nafasi.

Njia iliyotangulia filamu

Filamu ya Kiswahili inahitaji watazamaji wanaoelewa Kiswahili, na watu hao hawakuzaliwa siku moja. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikatua Unyanyembe, palipokuja kuitwa Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara wenye matembe makubwa na bidhaa kutoka pwani. Waliobeba mizigo hiyo kwa wingi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na kijana aliyekwenda pwani akarudi aliheshimiwa kama mtu aliyekua. Pamoja na vitambaa na shanga alirudi na lugha.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa nyayo za wapagazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza walijenga hapo shule ya wavulana ambayo mwanzoni ililenga watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937. Kijana wa Butiama na kijana wa Songea walikutanishwa na Tabora kwa miaka tofauti, na kila mmoja aliishi humo na wenzake wa makabila asiyoyajua. Bwenini, Kiswahili kilikuwa chombo cha kuishi na wenzako kila siku, kama kilivyokuwa kambini kwa wapagazi.

Kamera inawasili

Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi uliofadhiliwa na taasisi ya Carnegie ya Marekani ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara. Meja Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 wakiwatumia wenyeji kama waigizaji, kisha wakazungusha lori katika Afrika Mashariki na Kati. Mada zilikuwa minyoo, kodi, kilimo na akiba ya posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji, ikapigwa sambamba na picha.

Tufikirie jioni kama hiyo kijijini. Kitambaa cheupe kimefungwa kati ya miti miwili, mashine inanguruma, wadudu wanacheza ndani ya mwanga, watoto wameketi chini kabisa na wazee wamesimama nyuma. Anatokea mtu anayefanana na jirani. Watu wanamwita, wanamwonya, wanambishia. Waandaaji walikuja kufundisha, lakini watazamaji walikuwa wanazungumza na mtu wao.

Filamu hizo zilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwafrika alionyeshwa kama mwanafunzi wa kudumu: mmoja mjinga, mmoja mwerevu, na mwerevu ni yule aliyemsikiliza mzungu. Kasoro hiyo ilikua zaidi filamu zilipopata fedha nyingi.

Saburi na ugonjwa wa malale

Mwaka 1946 London ilitoa filamu ya rangi *Men of Two Worlds*, iliyoongozwa na Thorold Dickinson. Hadithi yake inamfuata Kisenga, mpiga piano wa Tanganyika anayerudi kutoka Uingereza kusaidia kuhamisha watu wake wasiangamizwe na malale, huku akipambana na mganga Magole. Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guiana ya Uingereza, Magole na Orlando Martins wa Nigeria. Nafasi ya Saburi aliipata mwanamke wa Afrika Mashariki, Eseza Makumbi wa Uganda. Wakati wanawake wetu walionekana katika filamu za kigeni kama umati wa wacheza ngoma wasio na majina, yeye aliingia akiwa na jina lake na la mhusika wake.

Msomaji wa Tabora ana haki ya kuisoma filamu hii kama habari ya kwao. Misitu ya miombo ya magharibi ni makao ya mbung'o, na tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikusanya wakazi wa sehemu hizo katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Watu waliacha mashamba, visima na makaburi ya wazee wao. Filamu ilimpa mganga ubaya wote na afisa hekima yote. Hata kabla haijakamilika, wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa Uingereza waliipinga wakisema inawadhalilisha Waafrika. Walikuwa na haki. Mtu anayekataa kuacha kaburi la baba yake ana hoja, na hoja hiyo haikupewa mdomo.

Hata hivyo kitu kimoja kilipenya. Mtunzi Arthur Bliss aliandikia filamu hiyo muziki wa piano, okestra na sauti za wanaume, akauita *Baraza*. Neno la Kiswahili likasimama kama jina la kazi ya sanaa.

Mtu wa shamba anayesema mwenyewe

Miaka michache baadaye serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Hapo ndipo Kawawa aliingia. Alikuwa ameacha nafasi ya kwenda Makerere ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake, akaajiriwa serikalini na kuangukia kazi za maendeleo ya jamii. Aliigiza katika *Muhogo Mchungu* na pia *Meli Inakwenda*, *Wageni Wema* na *Chalo Amerudi*. Yasome majina hayo kwa sauti: safari, ugeni, kurudi. Ni maneno ambayo mpagazi wa Unyanyembe angeyaelewa bila kufafanuliwa.

Mafunzo bado yalikuwemo, na mtu wa shamba bado alichekwa. Tofauti ni kwamba sasa alisema mwenyewe, kwa lugha ya watazamaji wake, na aliyemwigiza alikuwa msomi aliyejua anachokifanya. Kumwigiza mtu anayedharauliwa kunamtaka mwigizaji asimame mahali pake, aone mji kwa macho yake na aone aibu yake. Anayefanya hivyo kwa uaminifu haondoki vilevile.

Kisha serikali ilimrudisha magharibi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya Oktoba 1952, Wakikuyu waliokuwa Tanganyika walikusanywa, na Kawawa akapelekwa kufanya kazi katika kambi yao Urambo. Urambo ni makao ya zamani ya Mtemi Mirambo, na ni mojawapo ya sehemu ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulishindwa muda mfupi kabla. Aliyekuwa juu ya kitambaa cheupe akiwafundisha watu namna ya kuishi sasa alikaa na watu waliofungiwa kwa sababu ya kabila lao.

Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho jipya la vyama vya wafanyakazi, TFL. Mwaka uliofuata aliachana na ajira ya serikali. Januari 1962, miaka kumi baada ya *Muhogo Mchungu*, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Makuli, matopasi na watumishi wa nyumbani walikuwa wamekwisha kumsikia akiwasemea, na wengi wao walikuwa ndio wale watu wa shamba waliokwenda mjini.

Tunachodaiwa

Tunapoandika historia ya uigizaji tunaanzia mara nyingi kwenye *Fimbo ya Mnyonge* ya miaka ya 1970, au kwenye filamu za Bongo za mwaka 2000 na kuendelea, ambazo zilimpa jina Steven Kanumba wa Shinyanga. Kwa kufanya hivyo tunawanyima waigizaji wa leo ukoo wao. Eseza Makumbi ni bibi yao, Kawawa ni babu yao, na njia ya misafara ndiyo iliyowatengenezea watazamaji.

Nakala za filamu hizo zitafutwe, zisafishwe, zirudishwe. Zisianzie kwenye ukumbi wa Dar es Salaam. Zionyeshwe nje, usiku, kwenye kitambaa cheupe, Tabora kwanza, halafu Urambo, na wazee waulizwe wanakumbuka nini. Na safu ya mbele waachiwe akina mama wanaoloweka udaga. Wao wanajua kwamba uchungu wa muhogo haujawahi kuwa ujinga wake. Ndio unaoulinda shambani mpaka siku ya kuliwa.