Kadi ya mkopo ikikulemea: kupangiwa malipo upya na jina lako CRB

Kilima cha Nyanchwa kiko kando ya mji wa Kisii, mbali sana na huku kwetu. Ndiko alikoolewa binti ya ami yangu, na ndiko anakouza madera na leso anazoletewa kwa basi kutoka Mombasa. Mumewe ni mwalimu. Nilipowazuru mwaka huu, kabla sijamaliza chai, mwalimu alinitolea barua.

"Shemeji, wewe ndiye mwandishi. Hebu nisomee, hawa watu na mimi si tulikwisha elewana?"

Barua ilitoka benki, sitaitaja jina. Ilimpa siku 30 alipe malimbikizo ya kadi yake ya mkopo, la sivyo taarifa zake zipelekwe CRB. Naye miezi miwili nyuma alikuwa amewapigia simu akawaeleza kwamba mtoto ameingia chuo na biashara ya mkewe imezorota. Aliyepokea simu akamwambia, "Sawa mwalimu, lipa unachoweza." Basi akawa analipa Sh4,000 kila mwezi, roho imetulia. Kumbe kwenye mitambo ya benki hapakuwa na makubaliano yoyote, na siku zilikuwa zikihesabiwa vilevile.

Kisa hiki si cha Nyanchwa pekee. Nimesikia vya aina hiyo Kisauni na Likoni, na swali huwa ni lile lile: nikiomba benki inipunguzie malipo kwa sababu ya dhiki, jina langu litachafuka?

Jibu fupi ni kwamba kinachochafua jina ni siku. Hapa Kenya mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa inavyotakiwa huhesabiwa kuwa mkopo usiolipika, na hapo ndipo benki huupeleka CRB kama taarifa mbaya. Kabla ya kufanya hivyo yapasa ikupe ilani, ndiyo ile barua ya siku 30. Na tangu kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika Sh1,000 halipelekwi kabisa kama taarifa mbaya. CRB zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wao hawakopeshi wala hawamnyimi mtu mkopo. Kazi yao ni kuweka daftari, na anayelisoma ndiye anayeamua.

Sasa huo mpango wenyewe. Kadi ya mkopo haina tarehe ya mwisho kama mkopo wa kawaida. Unatumia, unaletewa hesabu, unatakiwa ulipe angalau kiwango cha chini, na kinachobaki kinaliwa na riba. Tuseme unadaiwa Sh80,000 na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ni Sh2,800 ya riba tu. Ukilipa Sh4,000, deni lenyewe limepungua kwa Sh1,200, na kama kuna faini ya kuchelewa, huenda halikupungua hata senti. Ukiomba nafuu na benki ikikubali, mara nyingi huifunga kadi, huligeuza salio kuwa mkopo wa awamu sawasawa kwa muda maalumu, na pengine hupunguza riba. Ukishatia saini, siku zako zinahesabiwa kwa ratiba mpya. Ukiifuata, unaonekana mtu anayelipa.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo wengi tunapokosea. Aliyeomba mapema, kabla hajachelewa au akiwa amechelewa wiki mbili tatu, huingia kwenye mpango akiwa msafi na hubaki msafi. Ripoti yake inaweza kuonyesha kwamba mkopo ulipangwa upya, na benki nyingine ikiona hivyo itauliza maswali. Lakini kuulizwa ni jambo moja na kufungiwa mlango ni jingine. Aliyengoja hadi siku 90 zikapita, mpango haumfutii kitu. Utamsaidia kuanza kupanda tena, baada ya kulipa mfululizo kwa miezi kadhaa, ila ile alama ya zamani inakaa. Hata akimaliza deni lote, rekodi ya kwamba aliwahi kushindwa hubaki miaka mitano tangu alipolimaliza, ikiwa imeandikwa kuwa limelipwa. Hili huwauma watu sana. Mtu analipa leo, anataka kesho awe hana doa.

Kwamba mpango wenyewe si aibu, tuliliona wakati wa korona. Tarehe 18 Machi 2020 Benki Kuu ilitangaza kwamba waliokuwa wakilipa vizuri kufikia tarehe 2 mwezi huo wangeweza kuomba mikopo yao ipangwe upya, na gharama ya mikopo ya watu binafsi ibebwe na benki. Kufikia mwisho wa Februari 2021 mikopo ya Sh1.7 trilioni ilikuwa imepangwa upya, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki. Ukitazama vizuri, sharti lilikuwa lile lile: uwe ulikuwa ukilipa kabla dhiki haijakufika.

Kuna wakati mlango ulifunguliwa hata kwa waliokwisha kuanguka. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za waliokopa kidijitali kwa simu, ile mikopo ya siku 30 au chini. Benki zilitakiwa kuwasamehe angalau nusu ya deni na kuwabadilishia hali yao CRB, kisha wamalize kilichobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Kadi za mkopo hazikuwemo, na anayekaa leo akingoja msamaha kama ule anajipumbaza.

Walio na ndugu Uingereza wajue huko nako ni karibu hivyo hivyo. Deni lililoshindikana hukaa kwenye ripoti miaka sita, na mpango wa kulipa kidogo kidogo nao huandikwa.

Nirudi kwa shemeji. Tulikwenda naye hadi tawini, tukaomba kuonana na afisa wa mikopo ana kwa ana. Tulibeba hati za mshahara za miezi mitatu na barua ya karo ya chuo. Nilimwambia aulize mambo manne na asiondoke bila karatasi: awamu ni shilingi ngapi na mwisho lini, riba na faini zinasimama au zinaendelea, akaunti itaripotiwa CRB kwa hali gani kuanzia mwezi huo, na ile ilani aliyokwisha pewa imeondolewa au bado ipo. Hilo la mwisho afisa mwenyewe hakuwa na jibu, ikabidi apige simu Nairobi. Bila karatasi, maneno ya simu hayakusaidii kitu siku ya mabishano.

Baada ya hapo ni kukagua. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka CRB, na nyingine ya bure akipewa ilani ya kuripotiwa vibaya. Metropol wana namba ya simu, *433#. Ukikuta kosa, waandikie CRB wenyewe pamoja na benki, ambatisha ile karatasi, na wao hulazimika kuchunguza. Wakikukalia kimya, kuna Benki Kuu.

Neno moja kwa wenzangu wa Pwani. Wapo wanaodhani kwa kuwa fedha yao wameichukua katika benki ya Kiislamu, kwa murabaha na bila riba, basi CRB haiwahusu. Benki hizo nazo zina leseni ya Benki Kuu na huripoti kama nyingine. Aliyechelewa kwa murabaha amechelewa.

Na kwa yule ambaye deni lake limekwisha kuwa lisilolipika, kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007. Riba inayodaiwa tangu mkopo uanze kushindikana haiwezi kuzidi deni kuu lililokuwepo wakati huo. Ukiona hesabu imevuka hapo, omba mchanganuo kwa maandishi kabla hujatia saini mpango wowote, maana ukishatia saini, ile riba ya ziada inaweza kugeuka kuwa deni kuu jipya.

Mwalimu alipata awamu ya Sh5,500 kwa miezi 18. Ilani iliondolewa siku sita kabla ya muda wake kwisha. Kadi aliikata kwa mkasi wa mkewe, ule wa kukatia leso.