Ujira wa Mwanamke Mfanyakazi: Hukumu ya Sharia na Ushahidi wa Historia

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Pindi linapotajwa suala la mwanamke na kazi, aghalabu mjadala huishia kwenye swali moja tu: je, inajuzu atoke au haijuzu? Wanavyuoni wamelizungumza swali hilo kwa urefu na wameliwekea sharti zake za stara, usalama na kuepuka faragha. Sisi leo tunataka kulitazama swali la pili, ambalo halipewi uzito wake: akishafanya kazi ya halali, haki yake ni ipi? Na haya yanayomfika kazini, ya kupunjwa, kudharauliwa na kunyang'anywa mshahara wake, yana asili katika dini au ni ada za watu?

Ujira wake katika Qur'ani

Katika Suratut-Talaaq, aya ya 6, Allah (S.W.) amemwamrisha mume aliyemwacha mkewe kwamba, mke huyo akimnyonyeshea mtoto, basi ampe ujira wake. Tuzingatie: kazi hii ni ya mwanamke peke yake, na mtoto ni wa tumbo lake mwenyewe. Hata hivyo ujira haukuachwa uwe hisani ya mwanamume, bali umefanywa kuwa haki inayodaiwa. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 32, imethibitishwa kuwa wanaume wana fungu katika waliyoyachuma na wanawake wana fungu katika waliyoyachuma. Baadhi ya wafasiri wameielekeza aya hii kwenye mirathi au thawabu za Akhera, lakini tamko lake ni lenye kuenea.

Zama za Mtume (S.A.W.)

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kisa cha mama yake mdogo, ambaye alikuwa ameachwa na yumo ndani ya eda. Alitaka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea kwa kutoka kwake. Bibi huyo hakunyamaza wala hakugombana, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza. Mtume akamruhusu akavune, akamtajia kuwa huenda akatoa sadaka au akafanya wema kwa mavuno hayo. Basi tazama: aliyekemea alidhani anailinda dini, na mwenye dini akaihifadhi haki ya mwenye shamba.

Na Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliuliza kama inamtosheleza kuwa ni sadaka akimpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea. Akajibiwa kuwa ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Lau mali ya mke ingekuwa ya mume, kumpa kusingeitwa sadaka. Kwa hiyo mume anayeuchukua mshahara wa mkewe bila ya ridhaa yake amekula mali ya mtu, hata kama wanalala nyumba moja.

Kauli ya mafaqihi

Wanafunzi waliosoma vitabu vya Kishafii, kama ilivyo desturi ya pwani yetu, wanajua kuwa mafaqihi wametofautisha mambo mawili. Mahari ya mithili hupimwa kwa kuwatazama wanawake wa ukoo wake: dada zake na shangazi zake waliolewa kwa kiasi gani. Ama ujira wa mithili, kinachotazamwa ni kazi: kazi kama hii, mahali hapa, wakati huu, hulipwa kiasi gani? Aliyefundisha juzuu moja amefundisha juzuu moja, awe mwanamume au mwanamke.

Wako wanaosema: kama mwanamke hurithi nusu ya fungu la nduguye, basi na mshahara wake uwe pungufu. Tunasema: hiki ni kiasi batili, kwa sababu mirathi si malipo ya kazi. Mirathi ameigawa Allah mwenyewe, na hakuna aliyeitolea jasho. Ujira ni badali ya manufaa yaliyouzwa kwa mkataba. Na anayesema kuwa mwanamume huongezewa kwa kuwa ana wajibu wa nafaka, tumuulize: je, kapera humlipa pungufu ya mwenye watoto kumi?

Ushahidi wa historia

Historia yetu ina pande mbili, na uadilifu ni kuzitaja zote. Katika karne ya 5 Hijria, Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi ya Bukhari mjini Makka, na Al-Khatib al-Baghdadi, imamu wa zama zake, aliisoma kwake katika siku za msimu wa Hija. Katika karne ya 6, Fatima bint Muhammad as-Samarqandi, mke wa Al-Kasani mwenye Bada'i as-Sana'i, alikuwa mwanafiqhi wa Kihanafi. Imepokewa kuwa fatwa zilitoka nyumbani kwao zikiwa na hati yake pamoja na ya baba yake na ya mumewe, na mumewe alipokosea yeye ndiye aliyemrudi. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), alisoma vitabu vingi kwa Aisha bint Abdil-Hadi wa Damascus. Mwanafunzi wake, As-Sakhawi, alitenga juzuu ya mwisho ya Ad-Daw' al-Lami' kwa ajili ya wanawake, akawataja zaidi ya 1,000.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kuwa katika miji hiyo hiyo ya Damascus na Cairo, vyeo vya madrasa vyenye mishahara ya waqfu vilishikwa karibu vyote na wanaume. Elimu ilipokewa kwa mabibi hawa na ijaza zao zikatafutwa, lakini mishahara ya waqfu ilikwenda kwengine. Hiyo ilikuwa ada ya zama. Na ada haigeuki kuwa hukumu kwa sababu tu imedumu miaka mingi.

Wajibu wetu

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zimekataza ubaguzi wa kijinsia kazini na zimempa mzazi likizo yenye malipo. Ni aibu kwetu kuwa nyuma ya sheria za nchi katika jambo ambalo Qur'ani imetutangulizia kwa karne 14. Tusiwatazame wenye viwanda na maofisi peke yao. Katika baadhi ya madrasa zetu, mwalimu wa kike hufundisha saa zile zile na watoto wengi zaidi, kisha hupewa kidogo na kuambiwa kuwa malipo yake yako kwa Allah. Malipo ya Allah yako kwa Allah. Yaliyo juu ya kamati, kamati iyatoe.

Tukumbuke Hadithi Qudsi aliyoipokea Imamu Bukhari, kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Maimamu waliseme hili juu ya mimbari, na kabla ya kulisema waangalie daftari la mishahara la msikiti.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.