Umubirizi: Historia Iliyobaki Uani

Katika somo la historia ya Ulaya tulijifunza kuhusu shikori, mmea mchungu ambao mizizi yake hukaangwa na kusagwa kama kahawa. Mwaka 1806 Napoleon alipiga marufuku biashara na Uingereza. Kahawa ikaadimika, na shikori ikashika nafasi yake katika nyumba nyingi. Mmea huo, basi, una tarehe yake katika vitabu. Je, mmea mchungu wa kwetu Rumonge una historia gani?

Kwa Kirundi tunauita umubirizi, na kibotania ni wa jamii moja na shikori. Bibi yangu huuotesha uani kwa kuchomeka matawi ardhini. Majani huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa na minyoo. Nchini Nigeria majani hayohayo huoshwa hadi uchungu upungue, kisha hupikwa mchuzi.

Mwaka 1972, mauaji yalipoikumba Rumonge, bibi alikimbilia Kigoma akiwa msichana. Hakubeba kitu. Lakini umubirizi aliukuta hukohuko, na aliyofundishwa na mama yake alikuwa nayo kichwani. Baadaye akayatumia kwa watoto wake.

Ushahidi ulioandikwa unatoka upande huohuo wa ziwa. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kusini mwa Kigoma, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akimenya tawi la mmea huu na kufyonza maji yake machungu. Kalunde, ambaye ni Mtongwe, alimweleza mwenzake kwamba kwao pia ni dawa. Makala yao ya mwaka 1989 ilibeba majina yote mawili.

Kwa maoni yangu, jina hilo la pili ndilo funzo kwetu wanafunzi wa historia. Maarifa ya Watongwe yalikuwepo muda mrefu. Yaliingia katika maandishi kwa sababu mwenye kuyajua alisikilizwa na kutajwa.

Likizo iliyopita nilikaa na bibi nikiwa na daftari. Alicheka: “Mjukuu wangu, umesoma miaka yote hiyo ndipo uje kuniuliza majani?” Kisha akanieleza kila kitu, pamoja na onyo lake: mtoto mwenye homa kali apelekwe kwanza kituo cha afya.

Nimejaza kurasa kumi na moja. Wadogo zangu hawaujui hata mmea wenyewe.