Libasi ya Bendera na Mvaaji Wake

Katika hadithi za picha za Marekani ni nadra kuona vazi lililobebeshwa dhima nzito kama lile la Captain America, ambalo Joe Simon na Jack Kirby walilibuni katika toleo la Machi 1941, taifa lao likiwa bado halijaingia vitani, wakamchora mwenye kulivaa akimtandika Hitler ngumi ya taya; maana mashujaa wenzake aghalabu walivaa rangi za kupendeza macho, ilhali yeye, Steve Rogers kwa jina lake halisi, alivikwa bendera yenyewe, nyota kifuani na milia kiunoni, na aliyevikwa bendera hawezi kuivua pasina watu kuuliza kulikoni.

Waliuliza mwaka 1974, fadhaa ya kashfa ya Watergate ilipokuwa imewaenea Wamarekani. Mwandishi Steve Englehart na mchoraji Sal Buscema walisimulia jinsi shujaa huyo alivyolifuatia genge la siri la wahaini mpaka ndani ya Ikulu ya Washington, na huko, mkuu wao alipovuliwa barakoa, msomaji hakuonyeshwa uso wake, ila alionyeshwa mshtuko wa Rogers aliyemtambua. Kisha mtu yule akajiua. Englehart alieleza baadaye kwamba alimkusudia Rais Richard Nixon, ambaye alijiuzulu Agosti ya mwaka uleule.

Rogers akaivua libasi yake, na katika toleo la 180 akatokea kwa jina la Nomad, kama mtu asiye na nchi, amevaa buluu na manjano, kifua wazi, joho mabegani. Joho hilo likamtega miguu akaanguka katikati ya mapambano, na tukio hili dogo mimi naliona lina hekima kuliko hotuba zote za kisa kile, kwa kuwa mtu aliyejitenga na nchi yake kwa ghadhabu ya haki alikuwa hajapata bado vazi la kumkaa. Kijana Roscoe alijivika lile lililoachwa, akauawa na adui aitwaye Red Skull, ndipo Rogers akalirudia mwaka 1975, akijua sasa kuwa uaminifu wake ni kwa maadili ya taifa, wala si kwa watawala wake.

Mwaka 1987 mwandishi Mark Gruenwald aliligeuza shauri: safari hii tume ya serikali ilidai kwamba vazi, ngao na jina ni mali ya dola, na kwamba mwenye kuvitumia sharti atii amri. Rogers alivirejesha vyote, akavaa vazi jeusi lenye wekundu na weupe, na tume ikamvika John Walker lile la asili, ambalo, baada ya msiba wa kuuawa wazazi wa Walker, lilishuhudia ukatili usiowahi kufanywa na mtangulizi wake. Tume ilipomrudishia Rogers vazi hilo mwaka 1989, alikataa kwanza, na aliyemshawishi alipokee ni Walker mwenyewe, ambaye baadaye alishika jina la U.S. Agent na kuvaa lile jeusi.